Kabla Hujaanza Kupima Nyumba za Watu

Mjimwema, Njombe
Jumamosi mchana

Oliva,

Umeondoka asubuhi kwenda Yakobi kumuaga bibi yako, na mimi nimeona nitumie nafasi hii kukuandikia, kwa sababu ukiwa mbele yangu tunagombana. Usitafute salamu mwanzoni mwa barua hii. Hali yangu unaijua. Nimekasirika tangu Jumapili, na ningeanza kwa kukuambia kwamba mimi ni mzima na hofu ni kwako tu, ningekuwa nakudanganya.

Sitakuambia uvae sweta, wala usile vya njiani, wala ujifunge vizuri ukipanda hiyo pikipiki ya kazini. Hayo shangazi zako watakuambia kesho stendi, watajazana pale na khanga zao na kukushauri mpaka gari liondoke. Mimi nina mengine. Kesho unakwenda Makambako kuanza kazi ya Mradi. Utavaa koti lenye nembo, utaingia nyumba za watu, utakaa, utatazama huku na huku, kisha utaamua nani ni maskini wa kutosha kusaidiwa ajitegemee na nani akatwe jina. Na mtaa wa kwanza uliopangiwa ni ule wa ng'ambo ya reli, anakoishi baba yako na yule mwanamke wake. Jambo hilo uliniambia huku unamenya viazi, kana kwamba unaniambia bei ya nyanya. Ukasema, "Nitawapima kama wengine wote, Mama. Kwa haki." Hiyo haki yako ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Jumapili ulitaka niseme hongera mbele ya shangazi zako. Nilinyamaza, na uliona nimenyamaza, ukanuna. Ulikuwa umetoka semina Iringa na ulikuwa umerudi na maneno mapya. Watu wamekuwa walengwa. Nyumba imekuwa kaya. Ukakaa mezani pangu, unakula maharage yangu, ukasema, "Tatizo la watu wetu siyo umaskini, ni uelewa mdogo. Ukija kuwasaidia wanaficha walichonacho ili wapate zaidi." Shangazi yako Skola akaitikia kama yuko kanisani. Nikakuuliza, "Na wewe umesomeshwa kwa uelewa wa nani?" Ukasema, "Mama, usianze." Basi leo naanza.

Ulikuwa mdogo sana mambo haya yalipotokea, hujaanza hata shule, ndiyo maana unayajua vipande vipande, na vingine umevipata kwa watu ambao hawana sababu ya kukuambia ukweli.

Baba yako alikuwa mtunza ghala wa mbolea wa shirika la umma. Usimwone alivyo sasa. Alikuwa mtu wa kusimamishwa njiani na wakulima wazee wakamvulia kofia, kwa sababu yeye ndiye aliyejua mbolea imefika au haijafika. Funguo zilikuwa zinaning'inia kiunoni na nilikuwa nazisikia kabla sijamwona. Mlango wa nyumba yetu aliufanya mwenyewe kwa mbao nzuri akauwekea kofuli kubwa la ghala, kofuli ambalo mtaa mzima haukuwa na mfano wake. Nilijivunia kofuli lile kama mwanamke mwingine anavyojivunia kitenge.

Kisha wakasema soko sasa ni huria. Mimi sikuelewa maana yake mpaka baba yako aliporudi nyumbani saa za kazi, bila funguo. Walipunguzwa, ndilo neno walilotumia, kana kwamba walikuwa chumvi kwenye mchuzi. Mbolea ikaanza kuuzwa na yeyote mwenye duka na yeyote mwenye gari, na bei yake sisi hatukuiweza, mahindi ya msimu ule yakawa ya njano tangu yakiwa magotini. Baba yako alikaa nyumbani akitazama ukuta. Alipochoka kutazama ukuta akaenda Makambako kupakia viazi kwenye malori ya Mzee Shabani, mtu wa Kondoa, ambaye sina neno baya juu yake. Mwanzo alikuwa anatuletea mchele na sabuni. Baadaye sabuni tu. Baadaye nikasikia kuna mwanamke anaitwa Zainabu, amekuja na watu wa Singida, anauza maandazi pale yadi, na sabuni nayo ikakoma.

Nilichofanya mimi ni kuwaambia watu kwamba mume wangu yuko kazini. Nililisema hilo kisimani, nikalisema kwenye sala za jumuiya, nikamwambia hata padre. Nikaendelea kulisema wakati mtaa mzima unajua yuko kwa nani. Nilikuwa napaka nyumba udongo mweupe kila Jumamosi, nawavalisha wewe na Damiani nguo zilizopigwa pasi ya mkaa, na tulikuwa tunalala na uji. Wewe unadhani watu wanaficha vitu tu. Mimi nilikuwa naficha njaa, na niliificha vizuri mno, na hakuna aliyeniomba nifanye hivyo.

Ndipo Mradi ulipoingia hapa Mjimwema kwa mara ya kwanza. Walikuja na gari jeupe na neno kujitegemea, neno ambalo sisi tuliliimba shuleni tangu tukiwa wadogo, tukilima shamba la mwalimu huku tunaliimba. Sasa likarudi limevaa viatu. Walisema watachagua familia za chini kabisa. Kila familia itapewa nguruwe jike, mbegu za viazi na mafunzo, na mtoto mmoja aliyefaulu atalipiwa sekondari mpaka amalize. Baada ya hapo familia inahitimu na kusimama yenyewe. Siwezi kukuambia kwamba lilikuwa jambo baya. Kaka yako Damiani alikuwa amefaulu, jina lake limebandikwa ukutani shuleni, na mimi sikuwa na kitu cha kumpeleka nacho.

Balozi wetu wa nyumba kumi akapita nyumba kwa nyumba kutangaza siku ya kupimwa. Kwangu hakusema kitu. Nilimkimbilia nikamuuliza, akaniambia, "Wewe si mke wa mfanyakazi, mama Oliva? Hawa wanatafuta wasio na kitu." Ningeweza kusema pale pale kwamba sina mfanyakazi wala kazi. Nikasema, "Sawa, balozi." Ukitaka kujua mama yako alikosea wapi maishani, anzia hapo, kwenye hilo sawa.

Asubuhi ya siku hiyo mama Edina akaja kwangu na redio yake ameifunika kwa khanga. Unamwita mama yule, najua, tutafika huko. Akasema, "Jirani, nihifadhie mpaka hao wageni waondoke. Wewe hawaji kwako, na una kofuli." Nikaipokea. Baada yake akaja mwingine na thamosi na vikombe vya maua. Mwingine akaleta godoro. Ikaja baiskeli. Ikaja cherehani ya mama Edina, wameibeba watu wawili. Ikaja meza na viti vyake. Mtaa mzima ulihamia chumbani kwangu, Oliva, na mimi nilikuwa napanga vitu vyao vizuri visikwaruzane, kwa sababu jirani akikuletea kitu chake unakitunza. Hapo hapakuwa na uelewa mdogo. Tulielewana kabisa, wanawake wote wa kichochoro kile, na nilikuwa nacheka nao.

Wapimaji wakamaliza mapema. Wakawa wanarudi kwenye gari lao, na wewe ukapita mbele yao na kindoo chako cha maji, unakohoa kile kikohozi chako cha mwezi wa sita. Bibi maendeleo wao, mwanamke mmoja mrefu wanamwita dada Sesilia, akamuuliza balozi, "Mtoto huyu wa nyumba gani?" Ukamshika mkono ukamleta nyumbani. Sikulaumu, ulikuwa mtoto. Nakueleza tu kwamba waliingia kwangu nyuma yako.

Fikiria walichokiona. Nyumba nyeupe, mlango wa mbao na kofuli la ghala. Ndani meza na viti, redio, cherehani, baiskeli imeegemea godoro. Balozi amesimama anatazama kucha zake. Na mimi, mama yako mpumbavu, nilifanya nini? Wageni wameingia, wamenisalimu kamwene, wamekaa. Nikachukua thamosi ya mwenzangu, nikaagiza sukari dukani kwa mkopo, nikawapa chai katika vile vikombe vya maua. Sikujua namna nyingine ya kufanya. Mama yangu hakunifundisha kumwacha mgeni akae kwangu kinywa kikavu. Sijui kama hata leo ningeweza.

Dada Sesilia alikunywa chai yote. Akatazama chumba, akatabasamu, akasema kwa sauti ya wema kabisa, "Mama, wewe umeshajitegemea. Wafundishe wenzako." Wakaandika walichoandika.

Wenzangu walikuwa pale nje, wamesimama kando ya uzio, wamekunja mikono. Niliwatazama mmoja mmoja. Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aseme, ile redio ni yangu. Mtu mmoja aseme, huyu mume amemkimbia. Mama Edina alikuwa karibu kuliko wote, akainama kumfunga mtoto wake kamba za kiatu. Na mimi sikusema, kwa sababu ningesema vitu ni vya nani wangekatwa wote siku ile ile, na nilidhani wakiona nimewastahi, jioni watakaa waamue kitu juu yangu. Jioni walikuja kweli. Walikuja kuchukua vitu vyao kwa mlango wa nyuma. Mama Edina alivisuuza vikombe kwangu kwanza, kwa maji yangu, ndipo akavipeleka kwa mwenyewe. Akaniambia, "Pole, jirani. Mungu atakuona."

Edina alikwenda sekondari. Damiani akaenda kuchuma chai, na bado anachuma chai, na ukienda kumsalimia unarudi unasema kaka ana hasira. Ana hasira, ndiyo. Alisimama uani siku nzima matangazo ya shule yalipotoka amevaa shati lake la shule, akingoja niseme kitu. Nilimchukia dada Sesilia kwa miaka mingi. Baadaye nikaona yule hakunijua, alikuwa mgeni anayemaliza kazi yake. Walionijua walikuwa kando ya uzio. Hao bado nawachukia, na nimeshaungama jambo hilo mara nyingi na padre amechoka nalo.

Wewe umesoma kwa ulanzi. Jina la kitu kilichokulipia ada andika palepale wanapokuuliza elimu yako. Nilianza kukodi mianzi ya watu kule chini mtoni, nikawa nakwenda kukinga alfajiri, nauza uani kwa wanaume ambao nilikuwa siwapi hata salamu wakati baba yako ana funguo. Msimu wa ulanzi ukiisha napika pombe ya komoni. Ulikuwa ukitoka shule unazunguka njia ya nyuma ili wenzako wasikuone unaingia kwenye nyumba ya pombe. Nilikuona, Oliva. Nilikuwa nakuona kila siku kupitia kwenye uzio na sikukusema, ila iliniuma, na inaniuma hata ninapoandika.

Kwa hiyo uliponiambia kwamba mama Edina, ambaye sasa ni mwenyekiti wa kikundi na anakaa meza moja na wakubwa wa Mradi, ndiye aliyekuombea kazi hii, ulitegemea nifurahi? Ulitaka niende kwake kesho kutwa na kuku, nipige magoti, niseme asante kwa kuninyooshea mtoto? Unasema amebadilika. Inawezekana. Mtu akishiba hubadilika, hata sauti inakuwa laini. Ulimwita mama mbele yangu na mimi nikaondoka kwenda kutazama jiko ambalo halikuwa na kitu juu yake. Sitaenda kwake. Hilo usiniombe tena.

Sasa nikuambie ninachokijua kuhusu kazi yako, kwa sababu hao wa semina hawakukaa upande wa kikombe niliokaa mimi.

Ukiingia nyumba ya mtu na koti lako, kila kitu mle ndani kitaanza kukudanganya, na si kwa ubaya. Wako watakaokuficha mali na wako watakaokuficha njaa, na wote watakutazama kwa macho yale yale ya heshima. Dada Sesilia alitazama vitu. Hakunitazama mikono. Mikono yangu wakati ule ilikuwa imepasuka kwa kuchimba viazi vya watu kwa kibarua, na mwanamke mwenye cherehani na redio hawi na mikono kama ile. Alikuwa amekaa karibu nami kiasi cha kunigusa. Hakuuliza hata mume wangu analala wapi.

Wakikupa chai, kunywa. Usiseme umeshiba, usiseme una haraka, usije ukawaambia Mradi hauruhusu. Halafu watu watakushukuru. Utakuwa bado hujampa mtu kitu na tayari anakushukuru, anakuombea kwa Mungu, anakuita mheshimiwa, na wewe nakujua, unapenda kupendwa, tangu mdogo ulikuwa unagawa karanga zako zote ili usikie jina lako likitajwa. Shukrani hizo zitakulevya kuliko ulanzi wangu. Mimi ningefurahi zaidi nikisikia wapo wanaokutukana, ningejua angalau umekaa nao vya kutosha.

Na lile neno la uelewa mdogo, likuishie mdomoni kabla hujafika Makambako. Watu wa kichochoro kile walikuwa wanaelewa hesabu yao sawasawa. Waliona msaada ni mdogo na wahitaji ni wengi, wakachagua nani abaki nje. Walinichagua mimi. Siwasamehe, lakini wajinga hawakuwa.

Nimefika kwenye jambo ambalo nilikusudia kulikalia kimya, na kama usingesema ile habari ya haki ningelikalia.

Zainabu alikuja hapa Alhamisi.

Wewe ulikuwa sokoni. Nilikuwa uani nachuja ulanzi, nikaona mwanamke amesimama kwenye uzio na mtoto mgongoni, viatu amevishika mkononi kwa sababu ya matope. Sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa jinsi alivyosita. Akasema, "Kamwene, dada." Amejifunza Kibena, sijui kwa faida ya nani.

Nikamwambia, "Mimi siyo dada yako. Unataka nini?"

"Mimi ni Zainabu. Wa Makambako."

"Nimekuuliza unataka nini, sikukuuliza wewe ni nani."

Sikumkaribisha. Sikumpa kiti, mimi niliyempa dada Sesilia chai. Alisimama pale pale na mtoto akawa anahangaika mgongoni. Nilijua amekuja kuniomba niseme nawe, umwandike, na nilikuwa nimeshaandaa jibu, nimeliandaa miaka mingi, na lilikuwa jibu la kumfanya arudi Makambako analia. Baba yako aliangukiwa na gunia la lumbesa la viazi mwaka juzi, mgongo wake hauko sawa, hilo tulilisikia wote wawili na mimi nilisema afadhali. Maandazi hayauziki kama zamani, wauzaji wamekuwa wengi. Nilijua hayo yote. Nikangoja aombe.

Akasema, "Tumeambiwa anayekuja kutupima ni Oliva. Nimekuja kuuliza, anapenda chai au uji?"

Nilidhani ananichezea. Nikamtazama usoni na hakuwa anacheza. Akaendelea, "Hajawahi kuingia kwangu. Ni mtoto wa mwenye nyumba, anakuja mara ya kwanza. Jirani yangu amekubali kuniazima viti viwili na kitambaa cha meza. Shati la mtoto mkubwa naazima pia. Sasa sijui anapenda nini."

Nikaweka chujio chini. Sikia nilichomwambia, Oliva, sikukusudia wema hata kidogo, nilimwambia kwa hasira na kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Usiazime kitu. Husikii? Usifagie. Waache watoto na kamasi zao na mashati yao yaliyochanika. Mlaze mzee wako sakafuni anapolala siku zote. Vyombo viache vichafu na chai usimpe. Ukimkaribisha vizuri atakukata."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Siwezi, dada. Mtoto wake aingie kwangu akute uchafu? Baba yake atafia wapi kwa aibu?"

 Nilitaka kumpiga, nakuambia ukweli. Nilitaka kumpiga kwa kuwa mpumbavu namna ile ile, kwa kuja kutoka mbali na mtoto mgongoni kuuliza jambo kama lile, na kwa kunichukulia mume halafu akawa si yule mwanamke niliyekuwa namchukia. Yule niliyekuwa namchukia alikuwa na meno ya dhahabu na nyumba ya bati jipya. Huyu alikuwa na gauni limepauka mabegani kwa kubeba.

Nikamwambia chai, ya tangawizi. Akasema asante. Akavaa viatu alipofika kwenye lami, nikamwona akiteremka kuelekea stendi, na sikumwita arudi.

Simpendi. Usije ukadhani barua hii imenilainisha, na usije ukaenda kumwambia baba yako kwamba mama amewasamehe, kwa sababu sijawasamehe na sina mpango huo. Nguruwe wa Mradi nikisikia ameingia kwenye nyumba yao nitakosa usingizi. Mtoto wao akilipiwa sekondari nitamkumbuka Damiani na shati lake uani, na nitalia, na nitawalaani wote pamoja na wewe. Kama ningeruhusiwa kuchagua ninachokitaka, ningetaka uingie mle, uone meza imetandikwa, viti vizuri, watoto safi, unywe chai yako, uwaambie wameshajitegemea, na utoke.

Lakini unaenda kuwapima kwa haki, na hutapata mtu mtaa ule wa kukuambia. Majirani watasimama nje na mikono wamekunja, kila mmoja na shida yake. Basi nakuambia mimi. Viti utakavyovikalia si vyao. Kitambaa si chao. Shati la mtoto mkubwa litarudi kwa mwenyewe ukishapinda kona. Baba yako atakaa wima mbele yako na mgongo utakuwa unamuua. Hawana kitu, Oliva. Nimekuambia mimi ambaye ningependa wasipate, na sahihi yangu iko hapa chini. Ukiwakata, usije kwangu kusema hukujua.

Mama yako